Urani ya Mkuju haisafishwi kama dhahabu ya Geita

Mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ameandika hivi: "Wanafunzi wangu wanajua kwamba kwetu huku, upande wa Mto Mkuju, kuna urani ardhini. Kila wakisikia habari za Iran na mashine zake za kurutubisha wananiuliza: kwani urani si madini tu? Dhahabu inachimbwa, inasafishwa, yamekwisha. Kwa nini urani ihitaji maelfu ya mashine na ugomvi wa dunia nzima? Na hizo isotopu zake zina kazi gani kwa wanasayansi mbali na umeme na mabomu? Kama ipo hesabu ninayoweza kuwapa darasani, nitashukuru."

Mwalimu, wanafunzi wako wameanzia mahali pazuri, kwa hiyo na mimi nianzie hapo hapo kwenye dhahabu.

Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya akitia zebaki kwenye mchanga wake, zebaki inaikamata dhahabu na kuliacha jiwe. Mgodi mkubwa ukitumia sayanidi ni yale yale: dhahabu inayeyuka, jiwe linabaki. Hilo linawezekana kwa sababu atomu za dhahabu na atomu za jiwe zimepangwa elektroni zao kwa namna tofauti, na kemia yote ni shughuli ya elektroni. Urani nayo, hadi hatua fulani, haina ajabu yoyote. Mwamba wenye gramu mia chache tu za urani kwa kila tani unasagwa, unalowekwa kwenye asidi ya salfuriki, urani inatoka pamoja na maji, inafanywa ituame, inakaushwa na kutiwa kwenye mapipa. Kinachopatikana ni unga, mara nyingi wa rangi ya manjano. Hadi hapo wanafunzi wako wana haki kabisa. Urani ni madini tu.

Unga huo ukiwa kwenye pipa bandarini hauwezi kulipuka kama bomu la nyuklia hata ukiwashiwa moto. Mionzi yake ni hafifu, na mtu akiumeza, figo zake zitaumizwa na sumu ya metali nzito kabla mionzi haijapata nafasi ya kufanya kubwa. Si jambo dogo, ndiyo maana wafanyakazi wa viwanda hivyo huvaa barakoa, lakini ni hatari ya aina nyingine.

Shida iko ndani ya urani yenyewe. Ukichukua atomu 1,000 za urani kutoka Namtumbo, Namibia au Kanada, kama 993 ni urani 238 na 7 ni urani 235. Ipo na ya tatu, urani 234, ambayo ni adimu sana: moja hivi katika kila atomu 18,000. Zote zina protoni 92, na kwa hiyo elektroni 92. Tofauti ni nyutroni tu: 146, 143 na 142. Aina kama hizi za elementi moja ndizo ziitwazo isotopu. Asidi haizioni nyutroni, na zebaki wala sayanidi haziwezi kubagua kitu ambacho elektroni hazikitangazi. Kusafisha dhahabu ni kutoa kitu kimoja kutoka katika kitu kingine. Kurutubisha urani ni kutoa urani kutoka katika urani.

Na kwa nini watu wasumbuke? Kwa sababu kiini cha atomu, tofauti na elektroni, kinazihesabu nyutroni vizuri sana. Urani 235 ina nyutroni 143, ambayo ni namba witiri, na nyutroni ndani ya kiini hupenda kukaa mbili mbili. Nyutroni moja ya mwendo mdogo ikiingia, inampata mwenzake asiye na jozi, na kuungana huko kunatoa nishati ya takribani MeV 6.5 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini vya atomu). Kizuizi kinachokizuia kiini kisipasuke ni kama MeV 6. Kinapasuka. Vinatoka vipande viwili, joto jingi, na nyutroni nyingine mbili au tatu zinazokwenda kuendeleza kazi. Urani 238, yenye nyutroni 146, inapata MeV 4.8 tu kwa nyutroni ya namna hiyo, kizuizi hakivukwi, na kiini kinaimeza nyutroni kimya kimya. Katika urani ya ardhini, hao 993 wanawamezea nyutroni wale 7.

(Kuna vinu vya nyuklia vya Kanada vinavyotumia urani kama ilivyotoka ardhini, kwa msaada wa maji mazito yanayopunguza mwendo wa nyutroni bila kuzila. Vinu vingi duniani hutumia maji ya kawaida, na hivyo vinataka urani 235 ifike asilimia 3 hadi 5.)

Kwamba mhusika ni 235 hakukujulikana mara moja. Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua mpasuko wa urani huko Berlin mwezi Desemba 1938, na Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch wakaueleza, lakini palikuwa na ubishi ni isotopu ipi inayopasuka. Aliyeumaliza ni kijana wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Alfred Nier, aliyekuwa fundi wa spektromita ya masi. Mashine hiyo inazipa atomu chaji, inazirusha ndani ya ombwe, na sumaku inazipinda: nyepesi inapinda zaidi, nzito inapinda kidogo, na kila moja inatua mahali pake. Nier alikusanya chembe za 235 na 238 kwenye vipande viwili vidogo vya metali, kiasi kidogo mno hata mizani ya kawaida haiwezi kukipima. Februari 29, 1940 akavibandika pembeni mwa barua aliyoiandika kwa mkono, akaipeleka posta kwenda kwa John Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kina Dunning wakavipiga kwa nyutroni. Kilichopasuka ni kile cha 235.

Naomba uikumbuke mashine hiyo ya Nier, maana tutakutana nayo tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni Oak Ridge, Tennessee, wakati wa vita. Ernest Lawrence alichukua wazo lile lile la sumaku na kulikuza likawa kiwanda: mashine 1,152 zilizoitwa kalutroni, zimepangwa katika majengo ya mahali palipoitwa Y-12. Shaba ya kuzungushia sumaku ilikuwa haipatikani kwa sababu ya vita, basi wakaazima madini ya fedha kutoka Hazina ya Marekani, zaidi ya tani 13,000, wakaifanya nyaya. Sehemu ya mwisho ya fedha hiyo ilirudishwa mwaka 1970. Waliokaa mbele ya paneli kusogeza vishikizo ili mishale isitoke mahali pake walikuwa zaidi wasichana wa vijijini waliomaliza sekondari, ambao hawakuambiwa wanatengeneza nini. Maelfu ya watu, umeme wa kulisha jiji, na kilichotoka ni gramu baada ya gramu, hadi kikafikia kilo 64 za urani zilizowekwa kwenye bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji unaoitwa Likasi leo. Mawe ya pale hayakuwa kama ya Mkuju. Yalikuwa na urani kwa makumi ya asilimia. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikwisha kuhamishia zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo kwenye ghala la Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipoanza kutafuta urani likaikuta imeshafika mlangoni. Wachimbaji Wakongomani walioibeba hawakuhesabiwa katika hadithi hiyo kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu bado hawajahesabiwa inavyostahili.

Tukirudi kwenye kutenganisha: kalutroni inatenganisha vizuri sana lakini kidogo sana. Kiwanda cha tani kinahitaji gesi, na hapa urani imebahatika. Ukiichanganya na florini unapata heksafloraidi ya urani, kitu kigumu cheupe kinachogeuka gesi moja kwa moja kwenye nyuzi 56 na nusu za Selsiasi. Florini ina isotopu moja tu ya asili, kwa hiyo tofauti yoyote ya uzito kati ya molekuli ni ya urani pekee. Molekuli ya 235 ina uzito wa 349 na ya 238 ina 352. Mpe kuli gunia la kilo mia, kisha mpe jingine lililopungua robo tatu tu ya kilo na kidogo juu yake, umuulize lipi jepesi. Hicho ndicho kiasi cha tofauti ambacho viwanda hivi vinaishi nacho.

Njia ya kwanza ya gesi ilikuwa kuisukuma ipite kwenye kuta zenye vitundu vidogo visivyoonekana. Molekuli nyepesi hukimbia kasi kidogo zaidi, hivyo hupita zaidi. Kiasi gani zaidi? Chukua kipeuo cha pili cha 352 kugawanya kwa 349, yaani 1.0043. Faida ya elfu nne kwa milioni moja, na hiyo ni kwa hesabu ya karatasini. Basi unairudia: kinachotoka hatua ya kwanza kinaingia ya pili, kinachobaki kinarudishwa nyuma. Kiwanda cha K-25, pia cha Oak Ridge, kilikuwa na hatua zinazokaribia 3,000. Gesi kupita kwenye vitundu ina maana ya kukandamizwa upya kila hatua, na kukandamiza gesi ni kula umeme. Kiwanda cha Ufaransa cha Georges Besse, pale Tricastin, kilitumia umeme wa hadi vinu vitatu kati ya vinne vya nyuklia vilivyo jirani yake. Vinu vinazalisha umeme ili kutengeneza chakula cha vinu. Kilifungwa mwaka 2012.

Kilichokiua ni sentrifuji, na hapa ndipo mashine za Iran zinapoingia. Ni mrija mrefu mwembamba unaozunguka ndani ya ombwe makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, ukingo wake ukienda kasi kuliko sauti hewani. Gesi ndani yake inasukumwa ukutani. Nzito inakwenda ukutani zaidi, nyepesi inabaki zaidi kuelekea katikati. Mfundishe mwanafunzi wako jambo hili, maana ndilo siri yote: kwenye vitundu, matokeo yanategemea uwiano wa uzito, 352 kwa 349, ambao ni karibu sana na moja. Kwenye sentrifuji yanategemea tofauti ya uzito, ambayo ni 3, haijalishi molekuli nzima ni nzito kiasi gani. Kwa elementi nzito kama urani, hiyo ni neema. Kwa kazi ile ile ya kutenganisha, sentrifuji hutumia umeme kama mara 50 pungufu.

Wazo ni la zamani. Jesse Beams wa Virginia alitenganisha isotopu za klorini kwa sentrifuji mwaka 1934. Ila mashine zilivunjika, beringi za kuzungukia zikalika, na Wamarekani wakaiacha njia hiyo wakati wa vita. Aliyeifanya ikubali ni Gernot Zippe, Mwaustria aliyetekwa na Wasovieti na kufanyishwa kazi Sukhumi chini ya Max Steenbeck. Alipoachiwa mwaka 1956 alirudi Magharibi na ujuzi wote kichwani. Mwaka 1970 Uingereza, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia saini Almelo mkataba wa kurutubisha urani pamoja kwa sentrifuji, na kutoka kwenye mradi huo wa Uholanzi Abdul Qadeer Khan alichukua michoro akaenda nayo Pakistan. Njia ambayo haili umeme na haihitaji jengo la nusu maili kama la K-25 ni njia inayoweza kufichwa. Ugomvi wa dunia ulioutaja umeanzia hapo.

Wanafunzi wako wanaweza kuuliza tena: kwani asilimia 5 ya kinu na asilimia 90 ya bomu si zinapishana mbali? Kwa namba, ndiyo. Kwa kazi, hapana. Sehemu ngumu ni ya mwanzo, pale unapotafuta 7 katikati ya 1,000. Ukifika asilimia 4 umeshatupa nje sehemu kubwa ya 238, na karibu theluthi mbili ya kazi ya kufika 90 imekwisha. Ndiyo maana mapatano ya mwaka 2015 yaliiwekea Iran kikomo cha asilimia 3.67, na ndiyo maana ilipofika 60 mwaka 2021 wataalamu walishtuka kuliko namba yenyewe inavyoonyesha.

Afrika nayo imewahi kurutubisha. Afrika Kusini, katika kiwanda kilichokuwa kando ya Pelindaba karibu na Pretoria, ilitumia njia yake yenyewe: gesi ya urani inachanganywa na hidrojeni na kupulizwa kwa nguvu ndani ya mrija uliotulia, ikazunguka yenyewe kama kimbunga. Ilikula umeme vibaya sana, lakini ilitosha kwa mabomu sita. Wakayafumua wenyewe, wakajiunga na mkataba wa kutoeneza silaha za nyuklia mwaka 1991, na Rais F. W. de Klerk akalitangazia bunge mwaka 1993. Na kinyume chake kilitokea kati ya Urusi na Marekani kuanzia 1993 hadi 2013: tani 500 za urani ya mabomu ya Kisovieti zilichanganywa na urani hafifu, zikawa chakula cha vinu, na kwa miaka mingi karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wa Marekani ilitokana nazo. Kuchanganya ni rahisi, kutenganisha ndiko kugumu.

Sasa swali lako la pili, ambalo binafsi nalipenda zaidi.

Kwanza hospitali, kwa kifupi. Vibao vidogo vya urani 235 vikichomwa na nyutroni ndani ya kinu, kama asilimia 6 ya mipasuko hutoa molibdeni 99, ambayo hugeuka teknesi 99m inayotumika kupiga picha za moyo, mifupa na tezi kwenye vitengo vya tiba ya nyuklia. Kinu cha SAFARI-1 hapo hapo Pelindaba ni miongoni mwa vichache duniani vinavyoifanya kazi hiyo, na siku hizi kinatumia urani ya chini ya asilimia 20. Ghana na Nigeria nazo zilibadilisha mafuta ya vinu vyao vidogo vya utafiti, kutoka asilimia 90 kwenda 13 hivi, mwaka 2017 na 2018. Ile iliyobaki baada ya kurutubisha, yaani 238 karibu tupu, ni nzito kuliko metali ya risasi kwa zaidi ya nusu. Inatengenezewa makasha ya kuzuia mionzi, na risasi za kutoboa vifaru, ambazo zimeacha malalamiko Iraki na Balkani.

Lakini kazi kubwa ya isotopu hizi, kwangu mimi, ni saa. Na hapa ile mashine ya Nier inarudi mara ya pili, kwa kuwa ndiyo inayozihesabu isotopu hizo.

Urani 238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47 na mwisho wake ni metali ya risasi, risasi 206. Urani 235 hupungua nusu kila miaka milioni 704 na mwisho wake ni risasi 207. Kuna kifuwele kidogo kiitwacho zirkoni, mara nyingi kidogo kuliko chembe ya chumvi, kinachozaliwa ndani ya mwamba unaopoa. Kinapojiunda kinaikaribisha urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi yote utakayoikuta ndani yake baadaye, karibu yote, imezaliwa humo humo. Una saa mbili ndani ya sanduku moja, zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Zikisema umri mmoja, unaziamini. Zisipokubaliana, unajua risasi ilivuja siku fulani, labda mwamba ulipochemshwa tena, na mara nyingi kutokana na jinsi zinavyopishana unaweza kukadiria ni lini. Sijui saa nyingine ya jiolojia inayojikagua yenyewe namna hiyo.

Kwa njia hii zirkoni za Jack Hills, Australia, zimeonekana kuwa na miaka bilioni 4.4. Kwa risasi ya vimondo, kikiwemo kile cha Canyon Diablo cha Arizona, Clair Patterson alitangaza mwaka 1956 kwamba dunia ina miaka bilioni 4.55, na hakuna aliyeisogeza namba hiyo kwa maana tangu hapo. (Alihangaika miaka kwa sababu risasi ya hewani ilikuwa inachafua kila sampuli yake. Akatafuta inatoka wapi, akakuta ni petroli, na nusu ya pili ya maisha yake akaipiga vita.) Kwetu, Profesa Sospeter Muhongo, ambaye wengi wanamkumbuka kama waziri wa nishati na madini, alikuwa mmoja wa waliopima zirkoni za miamba ya mashariki mwa Tanzania na kuonyesha kwamba ilipikwa kwenye kina kirefu cha ardhi miaka karibu milioni 640 iliyopita, mabara yalipokuwa yanagongana.

Ile adimu, 234, ina saa yake ya muda mfupi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama mikrogramu 3 za urani, lakini thori, elementi nyingine ya mionzi, karibu haimo, kwa sababu haiyeyuki. Ikizaliwa tu inanata kwenye tope na kuzama. Matumbawe yanapojenga mifupa yake yanachukua urani ya maji hayo bila thori. Kuanzia hapo 234 inageuka thori 230, na wingi wa thori unakwambia umri, hadi miaka laki tano hivi nyuma. Na hapa pia pana ukaguzi wa ndani. Bahari ina 234 nyingi kuliko inavyotarajiwa, kama asilimia 15 zaidi, kwa sababu atomu ya 238 ikitoa chembe ya alfa inajipiga teke nyuma, inavunja kifuwele, na ile 234 inayozaliwa mahali palipovunjika inaoshwa na maji ya mvua kirahisi. Ukirudisha hesabu ya tumbawe nyuma na usiikute asilimia hiyo ya bahari, tumbawe limeharibiwa na maji ya juu. Unalitupa.

Visiwani Shelisheli wanasayansi walipima matumbawe ya kale yaliyoshikamana na miamba juu ya usawa wa bahari ya leo, wakakuta kwamba miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati joto la dunia lilikuwa karibu na la sasa, bahari ilisimama zaidi ya mita 7 juu ya ilipo. Anayeishi Lamu, Mombasa au Mjini Unguja anajua hiyo ni ghorofa ya ngapi.

Matumizi mengine ni ya upelelezi. Mkaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki akiingia kiwandani hufuta meza na mabomba kwa kitambaa cha pamba cha sentimita 10 kwa 10, akakitia kwenye mfuko na kukipeleka maabara ya Seibersdorf, Austria. Chembe moja ya vumbi, ndogo kama bakteria, inatosha kusema urani iliyopita pale ilirutubishwa kiasi gani. Ikikutwa na urani 236, isotopu ambayo ardhini karibu haipo, basi imewahi kukaa ndani ya kinu. Chembe zilizookotwa Iran mwaka 2003 nyingi zilionekana zimekuja na vipuri vilivyonunuliwa kutoka Pakistan.

Uliniomba hesabu. Nayo inaanzia Pierrelatte, Ufaransa, mwaka 1972. Fundi anapima urani kutoka mgodi wa Oklo, Gabon, na badala ya asilimia 0.7202 za 235 anapata 0.7171. Mtu mwingine angesema mashine imekosea. Lakini uwiano huo ni ule ule duniani kote, hata kwenye mawe ya mwezini, na kiwanda cha kurutubisha hakiwezi kukaa kimya 235 ikipotea. Walipofuatilia wakakuta pengo la kilo kama 200, na katika mwamba wenyewe mabaki yote ya mpasuko wa nyutroni. Kwa hiyo miaka bilioni 2 iliyopita, chini ya ardhi ya Gabon, urani iliwaka yenyewe kama kinu, maji ya ardhini yakipunguza mwendo wa nyutroni. Maji yakichemka na kuondoka, kinu kinazima, yakirudi, kinawaka. Iliendelea hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka, kwa nguvu isiyofika kilowati 100.

Waulize wanafunzi: leo haiwezekani, kwa nini wakati ule iliwezekana? Wape asilimia 0.72 na 99.27 na nusumaisha mbili, milioni 704 na milioni 4,468. Warudi nyuma miaka milioni 2,000. Ile 235 wanaizidisha kwa 2 iliyopandishwa kwa 2,000 kugawanya kwa 704, wanapata kama mara 7.2. Ile 238 inazidishwa kwa 1.36 tu. Wakitafuta asilimia upya watapata karibu 3.7, yaani urani ya ardhini siku hizo ilikuwa imerutubishwa kama ya kinu cha leo, na karibu kabisa sawa na kikomo walichopewa Wairani.

Mwenye haraka atakuuliza: basi warudi hadi dunia ilipozaliwa. Itatoka asilimia 24 hivi. Mbona vinu vya asili havikujaa wakati huo? Kwa sababu urani huyeyuka kwenye maji yenye oksijeni na kutuama penye uhaba wake, na hewa ya dunia haikuwa na oksijeni ya maana hadi miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Kabla ya hapo urani ilikuwa kali lakini imetawanyika, hakuna maji ya kuikusanya mahali pamoja. Oklo ilipata dirisha dogo, oksijeni imekuja na 235 bado haijaisha. Mkuju ilikusanywa kwa njia hiyo hiyo, maji yenye oksijeni yakipita kwenye mchanga wa Karoo na kuiacha urani yalipokutana na tabaka lisilo na oksijeni, ila mchanga huo una miaka milioni mia mbili na kitu tu, na kufikia hapo 235 ilikuwa haifiki asilimia moja. Hilo nalo wanaweza kulihakikisha kwa hesabu ile ile.